Tukisoma tena X-Men, tufungue macho



Juu ya vitabu vya picha mabishano hayaishi. Mmoja anasema: ni mchezo wa watoto, tupa. Mwingine anasema: ni mambo ya shetani, choma. Sisi tunasema: hapana, tusome tena, lakini sasa kwa akili ya mtu mkubwa.

Tuchukue X-Men. Wengi wetu tuliisoma kwa Kifaransa tungali wadogo, kitabu kimoja watoto kumi, jalada limekwisha kutoka. Kundi hilo lilianza Marekani mwaka 1963, kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby: wanafunzi watano wa Profesa Xavier, wote weupe. Watu wanawachukia kwa sababu wamezaliwa tofauti, na wao wanawalinda watu wale wale. Je, hilo ni la shetani?

Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakaleta kundi jipya. Ndani yake mlikuwa Mkanada, Mjapani, Mjerumani, Mrusi, na binti mmoja wa Kenya, Ororo, yule ambaye kwa Kifaransa anaitwa Tornade. Kazi yao ya kwanza ni kuokoa wenzao waliokamatwa huko Krakoa, kisiwa chenye uhai kama mnyama. Wanagombana mingi, lakini hakuna anayeshinda peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Fundisho hilo tunalipokea kwa mikono miwili.

Lakini tazameni vizuri ukurasa wa Kenya. Wanakijiji wanamwabudu Ororo na kumwomba mvua. Profesa anamwambia yeye si mungu. Vema, hata mwalimu wa dini atakubali. Kisha Ororo anaondoka naye. Na wale wanaobaki? Hakuna anayewauliza kitu. Mrusi, mtoto wa wakulima, wamemchorea trakta shambani. Mkenya wamemchorea nini? Kumbe Kenya ilikuwa na uhuru tangu 1963, na mwaka ule wa 1975 Nairobi ilikuwa na chuo kikuu chake.

Wengine watajibu: ni heshima, mwanamke mweusi yuko kati ya mashujaa, tena mwaka 1980 akawa kiongozi wa kundi. Ni kweli, na tunafurahi. Lakini mtoto wa Afrika akisoma hivyo mara kumi, ataanza kuamini kwamba kwao ni pa kungojea mvua tu, na kwamba mwenye nguvu lazima aende ng'ambo ndipo awe mtu. Hapo ndipo hatari iko, si katika mabawa na umeme.

Basi tusichome, tusitupe. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ametuonyesha kwamba kalamu ya Mkongomani inaweza. Ninyi mnaochora nyuma ya madaftari wakati wa hesabu, mtuchoree kundi lenye nguvu za ajabu ambalo linabaki nyumbani kufanya kazi. Sisi tutalisoma hata jalada litoke.