Saa Iliyogeuzwa Mara Mbili

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini mgeni wetu wa mwezi uliopita hakuonekana. Ukweli ni kwamba alikuja. Alifika saa nane mchana, barua ya mwaliko mkononi, akakuta mlango umefungwa. Sisi tulifika saa mbili usiku na sambusa zetu za moto.

Muhula huu tuliwapa mawakala watatu wa akili mnemba kazi za ukatibu. (Si wale wa kutolea pesa, hawa ni programu zinazojiamulia hatua za kufuata.) Mmoja hutafsiri matangazo, wa pili hupanga kalenda, wa tatu huwatumia wanachama barua pepe. Mgeni tulimwandikia wenyewe, kwa Kiswahili. Tangazo la wanachama mfasiri aliligeuza kwa saa za Kizungu: 2:00. Sawasawa. Wa kalenda, tuliyemwagiza kwamba saa za klabu ni za Kiswahili, akaiona ile mbili, akaongeza sita. Wa tatu akatuma. Ukimhoji kila mmoja peke yake, kazi yake ni safi. Ni kama pilau la shughuli: mmoja katia chumvi, mwenziwe hakuambiwa, naye katia.

Kugawana kazi baina ya programu si jambo geni. Mwaka 1980 Reid G. Smith alichapisha utaratibu unaofanana na zabuni: programu yenye kazi huitangaza, nyingine hujitokeza kulingana na uwezo wake, kisha inayofaa zaidi hupewa. Hata hiyo iliyopewa yaweza kuikata kazi vipande na kutangaza zabuni zake. Lakini aliyetangaza hubaki akiifuatilia kazi na kupokea matokeo. Sisi hatukuweka wa namna hiyo. Baadhi ya wenzetu walitukumbusha kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Hatukubali: chombo chetu hakikuwa na nahodha hata mmoja.

Sasa kila tangazo hupita kwa mawakala likiwa na saa zote mbili, ya Kiswahili na ya Kizungu, na mwanachama mmoja wa zamu hulisoma kabla halijatoka. Zamu ya kwanza ni ya mweka hazina, apende asipende.

Mzee wetu tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alitukaribisha kahawa, akasema atakuja tena, ila safari hii tumpigie simu.