Ripoti Yako Inasomeka kwa Simu?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ni nyingi. Leo nina jambo lililonitia aibu, na nadhani litawafaa wenzangu mnaounda programu na tovuti.

Hapa Lumakanda niliandikia kikundi kimoja cha wakulima wa mahindi programu ya hesabu. Ripoti yake ya wiki ilikuwa na safuwima 14. Kwenye tarakilishi yangu ilipendeza kweli! Nikamtumia mweka hazina ikiwa PDF, ukurasa wa A4 uliolazwa. Yeye hana tarakilishi. Aliifungua kwa simu akiwa kando ya mizani. Safuwima ya mwisho, ile ya salio, ilikuwa nje ya kioo. Aliona thamani ya magunia, hakuona malipo yaliyokwisha kutolewa. Mkulima mmoja akalipwa mara mbili.

Nilitaka kujitetea kwamba angesukuma ukurasa kando. Akanitangulia: "Kijana wangu, mkono mmoja ulikuwa umeshika gunia. Ningesukuma na nini?"

Kosa lilikuwa langu.

Sasa tazama ujumbe wa M-Pesa, huduma ambayo Safaricom ilizindua Machi 2007. Namba ya muamala, kiasi, jina, tarehe, saa, salio. Basi. Unasomeka hata kwenye mulika mwizi, na mama wa kibanda huutegemea kabla hajakupa bidhaa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ripoti bora ya biashara nchini.

Kwa upande wa tovuti, Ethan Marcotte alieleza mwaka 2010 jinsi ya kuunda kurasa zinazojipanga kufuata upana wa kioo. Wengi bado hatufanyi hata la kwanza: bila agizo la viewport kwenye HTML, vivinjari vingi vya simu huchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980 hivi, kisha huufinya. Ndiyo maana maandishi huwa kama siafu.

Lakini agizo hilo peke yake lisingemwokoa mweka hazina wangu. Safuwima 14 zikipangwa vizuri bado ni 14. Kabla ya kuandika msimbo, uliza: msomaji atafanya nini akishasoma? Yeye alitaka kujua amlipe nani, kiasi gani. Hayo yawe juu. Mengine yafunguke akibonyeza. Mkaguzi wa hesabu anahitaji safuwima zote, sawa, mchapishie. Picha nzito ondoa, zinakula bando. Na ujaribu kazi yako kwa simu ya bei nafuu, nje, juani.

Ripoti mpya ina mistari mitatu kwa kila mkulima: jina, salio, tarehe ya malipo ya mwisho. Haipendezi sana, ila inasomeka kwa mkono mmoja.

Wewe je? Fungua ripoti yako ya mwisho kwa simu, kisha uniambie umeona nini. Tuko pamoja.