Viza Gani, Mwanangu?



Kijana anapofika katika ofisi ya parokia kuomba cheti chake cha ubatizo, mara nyingi anakusanya karatasi za kuombea pasipoti. Ukimwuliza aendako, atajibu: "Uarabuni, Baba. Nimepata kazi ya nyumbani." Ukimwuliza anakwenda kwa viza gani, hunyamaza. Yeye hajui, wakala ndiye ajuaye.

Kutojua huku kunatugharimu watu. Viza si muhuri tu wa kupitia uwanja wa ndege. Ni kibali kinachotaja sababu iliyompeleka mtu ugenini, na kila aina ina mipaka yake. Mwenye viza ya matembezi ameruhusiwa kutembea na kurudi katika siku zilizoandikwa, hakuruhusiwa kuajiriwa. Mwenye viza ya masomo amekwenda kusoma, na akiruhusiwa kufanya kazi, huwa ni kwa saa chache zilizowekwa. Kwa anayekwenda kuajiriwa, viza ya kazi ndiyo inayomtambulisha kuwa mfanyakazi mbele ya sheria.

Wakala asiye mwaminifu hupendelea viza ya matembezi kwa kuwa hupatikana upesi, tena bila maswali mengi. Binti akifika huko huanza kazi akiwa amekwisha kuvunja sheria ya nchi pasipo kujua. Asipolipwa mshahara, au akipigwa, huogopa kwenda polisi, maana kulalamika ni kujishtaki. Hivyo ndivyo mnyonge anavyofungwa kinywa.

Hata viza halali ya kazi yataka uangalifu. Katika nchi kadhaa za Ghuba, kibali cha kukaa cha mfanyakazi wa nyumbani hufungamanishwa na mwajiri mmoja, yaani kafili. Akimkimbia, aweza kuhesabiwa mkosaji. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unadai kwamba mfanyakazi wa namna hiyo apewe masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, na kwamba awe na haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe.

Hatusemi vijana wasisafiri. Kutafuta riziki ni haki, na fedha zitumwazo nyumbani zimesomesha wengi. Tunasema wasiende gizani. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, makatekista, nanyi wazazi: kabla ya kuagana, someni pamoja naye viza na mkataba. Je, kazi iliyotajwa ni ile ile? Je, jina la mwajiri limeandikwa? Nakala zibaki nyumbani, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu. Wakala akikataa kuonyesha karatasi, au akimfundisha binti kusema uwanjani kwamba anakwenda kutembea tu, safari hiyo na isimame.

Cheti cha ubatizo tutakitoa, kwa kuwa ni haki yake. Lakini anayekitoa asimwache aondoke kabla ya kumwuliza: viza gani, mwanangu?