Fundi, Usiukate Mwembe Huo

Kazi yangu ni uashi. Najenga nyumba za watu Chanika, Mbagala na ng'ambo ya Kigamboni, kwenye viwanja ambavyo juzi tu vilikuwa mashamba ya miembe na mikorosho. Agizo la kwanza la mwenye kiwanja halibadiliki: "Fundi, safisha pote." Mwembe uliokuwa ukizaa kabla yeye hajazaliwa unaishia tanuri la mkaa. Nyumba ikikamilika, uwanja unatandikwa pevingi, kisha kando ya ukuta inapangwa miti ya ashoki.

Ashoki ni mti nadhifu, sibishi. Lakini ule uliozoeleka mjini unakwenda juu tu, majani yamelala ubavuni mwa shina. Kivuli chake cha adhuhuri hakimtoshi kuku na vifaranga vyake.

Tena jua linalotutesa Dar es Salaam ni la kuanzia saa tisa alasiri, linapoupiga ukuta wa magharibi. Tofali za saruji hulinywa joto hilo na kulitoa usiku, mtu anapotaka kulala, na feni inabaki kuzungusha hewa ya moto. Kuta za kaskazini na kusini hazina shida hiyo; jua letu hupita juu, upenu wa paa unazitosha. Mti wa kivuli basi mahali pake ni magharibi.

Kama kiwanja ni kitupu, panda mwarobaini: hukua haraka na huvumilia ukame. Mkungu hutandaza matawi vizuri, ila majani yake makubwa yanataka mtu wa kufagia. Mzambarau una kivuli kizito, lakini msimu wake ukifika, gari lihame. Mkuyu na jamaa zake kaa nao mbali. Mizizi yao hufuata maji hadi kwenye karo, na sakafu nilizofumua kwa sababu hiyo si haba.

Mimi mti mkubwa siupandi chini ya mita 5 kutoka kwenye msingi, na karo nalipeleka upande mwingine wa nyumba. Wateja huuliza kama kivuli kitafika. Kitafika, kwa sababu jua la alasiri limeinama na kivuli hurefuka chenyewe hadi ukutani.

Ila mti bora kuliko yote ni ule uliokwishaota. Kuisogeza nyumba hatua chache ili kuupisha mwembe, wakati bado tuna vigingi na kamba, hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Kuotesha mwingine wa ukubwa ule kutakula miaka ya ujana wa watoto wako. Kwa hiyo, ndugu mwenye kiwanja, kabla hujamlipa mtu wa msumeno, njoo na fundi wako saa kumi jioni, mtazame jua linaangukia wapi na mti gani tayari unalizuia. Mkishaona hivyo, ndipo mseti nyumba.