Simu ya binti tunaipokonya, ya kaka yake je?



Leo sina mapishi wala mishono. Nina la moyoni, na najua wapo watakaoninunia.

Juzi shughulini mama mmoja alitusimulia kwa fahari alivyompokonya simu binti yake wa miaka 15. Alimkuta usiku wa manane anajipiga picha, anaiweka, anaifuta, anaiweka tena. Simu imefungiwa kabatini mpaka mitihani iishe. Sote tukampongeza, na mimi nikiwemo. Halafu nikamuuliza, na kaka yake wa miaka 17?

"Aa, yule mtoto wa kiume, anacheza gemu tu. Bora yuko ndani, hazururi."

Bora yuko ndani! Mtoto hajaonekana tangu Isha, chakula anapelekewa chumbani, Alfajiri haamki, na sisi tunamshukuru Mungu kuwa hazururi.

Sisemi binti aachiwe. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, zilivuja: katika wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, karibu mmoja kati ya watatu alisema Instagram ilimzidishia. Wasichana wengi huzama huko, kwenye picha na kuchati, wakihesabu nani kapenda na nani kanyamaza. (Na sisi tunaoweka filta kwenye picha za biharusi mpaka mama yake mzazi hamtambui, tunamfundisha nini huyo binti?)

Wavulana wengi mtego wao ni mwengine. Ni gemu, ni kubeti, yaani kamari ile ile iliyoharamishwa, ila sasa imo mfukoni, na ni picha chafu. Shirika la Afya Duniani limeshaingiza uraibu wa gemu katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea nayo hata akiona inamharibia. Mama yule angenisomea dalili za mwanawe moja moja bila kujua.

Kwa nini basi tunamwona mmoja tu? Kwa sababu tunachokipima ni aibu, si madhara. Picha ya binti ikitoka, mtaa mzima utasema. Usiku wa kijana wa kiume hauna shahidi. Lakini fungueni Suratun-Nur. Amri ya kuinamisha macho, aya ya 30 inaanza na wanaume. Sisi tumefikiwa aya ya 31. Nani aliyetugeuzia mpangilio?

Na nyinyi maharusi msidhani hili ni la wenye watoto wakubwa. Mwali mmoja alinijia analia, ndoa haijatimiza miezi mitatu. Mumewe halewi, hana mwanamke nje. Ana simu. Akimwita kula, "namaliza hii moja tu." Akimwita kulala, hivyo hivyo, mpaka adhana ya Alfajiri. Alipomfikishia mama mkwe, akajibiwa, "Mvumilie mwanangu, ndivyo alivyo tangu mdogo."

Tangu mdogo. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikijua, na posa ikapelekwa.

Tunapoulizia mchumba tunauliza kazi, ukoo, anaswali wapi. Ulizeni pia usiku wake unakwendaje, na muulizeni dada yake, maana mama atamsitiri.

Mimi nimeanza kwangu. Saa 3 usiku simu zote zinalala kwenye kabati la vyombo: ya binti, ya kaka yake, na yangu. Binti alilia siku mbili, sasa kazoea. Mwanangu wa kiume huu mwezi wa pili bado kaninunia, na baba yake naye kaniuliza, eti kwani yeye kafanya kosa gani?