Mwamuzi wa Upande wa Mke Yuko Wapi?

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, ameagiza kwamba pakihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Wengi huliona agizo hili kuwa la kuzuia upendeleo tu. Sisi tunaona humo hekima nyingine: kila mwamuzi huja akiijua mila aliyolelewa nayo jamaa yake.

Tuchukue mfano wa binti wa Tanga aliyeolewa Bujonde, wilayani Kyela, katika familia ya Kinyakyusa. Yeye amefunzwa kumwamkia baba mkwe na kumtengea chakula. Lakini kwa mila ya Kinyakyusa, ambayo watafiti Godfrey na Monica Wilson waliikuta ikifuatwa kwa ukali katika miaka ya 1930, mke humkwepa baba wa mumewe, wala hamtazami. Binti akiamkia, huonekana hana adabu. Akiambiwa ajitenge, hujiona amedharauliwa. Wote wanataka kuheshimu, na wote wanaona wametukanwa! Mwamuzi asiyeijua mila ya pili atasema mke ni jeuri, na shauri limekwisha. Ilhali kisheria baba mkwe ni maharimu wake: kujificha si wajibu, na kukaa mbali kwa staha si dhambi. Hapo pana nafasi kubwa ya kuafikiana.

Hata hivyo, si kila ugomvi ni wa mila. Mume anayedai kwamba amekwisha kulipa kwa kuwa ng'ombe wamefika kwa baba wa binti, akumbushwe aya ya 4 ya sura hiyo hiyo: mahari ni ya mke mwenyewe. Na kipigo kisiitwe utamaduni wa kabila lolote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, kwa kawaida hairuhusu kudai talaka mahakamani kabla baraza la usuluhishi halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Wakiketi humo wazee wa upande mmoja tu, watakuwa wamejaribu nini? Safari ya Tanga hadi Kyela ni ndefu na nauli ni nzito, tunalijua hilo. Lakini simu zipo. Mjomba au shangazi wa binti apigiwe, naye asikilizwe kabla mke hajaulizwa swali la kwanza.