Upasuaji wa figo si mwisho wa matibabu

Hoja iliyochapishwa kwamba kilio cha wagonjwa wa figo kimekwisha, kwa kuwa Muhimbili ilianza kupandikiza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Aliyepandikizwa humeza dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Mojawapo, takrolimasi, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na lazima ipimwe katika damu: ikipungua, mwili huikataa figo, ikizidi, dawa hiyo hiyo huiumiza. Akiugua kifua kikuu, rifampisini, dawa ya ugonjwa huo, huishusha mno takrolimasi, na zahanati isiyojua historia yake inaweza kuponya mapafu ikaua figo. Mkazi wa Kilambo, kule kwenye kivuko cha mto Ruvuma, afuate kipimo hicho cha damu Dar es Salaam?

Nitaambiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki ni mzigo mzito zaidi. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana figo aliyoitoa ndugu haifai kupotea kwa kukosa kipimo. Kusini tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mitengo. Wizara ihakikishe wagonjwa hawa wanafuatiliwa hapo, dawa zikiwepo kila mwezi.